Umehamisha tovuti, barua pepe zimekata: namna ya kuziuliza rekodi za kikoa chako mwenyewe

Simu hii huwa inapigwa Jumatatu au Jumanne. Mteja amehamishia tovuti yake kwingine Ijumaa jioni, tovuti mpya inafunguka vizuri, picha zinaonekana, naye amepumzika wikiendi nzima akijua kazi imekwisha. Kisha anagundua kwamba tangu Jumapili hajapokea barua pepe hata moja.

Mmoja wao ni mwenye kampuni ndogo ya utalii kule Moshi. Wageni wake wengi wanatoka Ujerumani, na wote humwandikia kwa barua pepe miezi kadhaa kabla ya safari. Aligutuka pale mgeni mmoja aliyekwisha kulipa nusu alipompigia kwa WhatsApp na kumuuliza kama kampuni bado ipo, kwa sababu kila anachoandika kinarudishwa na maneno kwamba mtu huyo hayupo. Mgeni huyo alikuwa na namba ya simu. Walioandika kwa mara ya kwanza hawakuwa nayo, na hatutajua walikuwa wangapi.

Tulimwomba afungue kompyuta yake na kuandika mstari mmoja tu. Ndani ya dakika moja tulijua ugonjwa. Makala hii ni kwa ajili ya mstari huo na mingine michache inayofanana nao. Tungependa kila mteja wetu aweze kuiandika kabla hajapiga simu, na hasa kabla hajalipa mtu yeyote "kurekebisha mtandao".

Kwanza uelewe jina la kikoa, yaani jina la tovuti na barua zako kama jinalako.com, linavyotafutwa. Ukifika mtaa usioujua na unatafuta nyumba ya mtu, humuulizi rais wa nchi. Unauliza kijiweni kwa bodaboda. Asipojua, atakupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, naye atakutuma kwa mjumbe wa nyumba kumi, na mjumbe ndiye mwenye neno la mwisho. Intaneti nayo iko hivyo tangu Paul Mockapetris alipoubuni mpangilio huu mwaka 1983. Kabla ya hapo majina yote ya kompyuta yalikuwa kwenye faili moja lililotunzwa California, na kila mwenye mtandao alilazimika kulinakili. Leo swali huanzia kwenye seva za mzizi, ambazo zina majina 13, kuanzia herufi A hadi M. Hizo zinakuelekeza kwa wenye .com au .tz, nao wanakuelekeza kwa seva za majina za kikoa chako. Hizo za mwisho ndizo mjumbe wako. Bodaboda ni seva ya kampuni yako ya intaneti, ambayo huuliza kwa niaba yako na kulikumbuka jibu kwa muda fulani.

Hapo kwenye kukumbuka ndipo matatizo mengi huzaliwa, na tutaparudia.

Sasa fungua dirisha la amri. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha Enter. Programu ya nslookup imo tayari. Kwenye Mac fungua Terminal, utaikuta dig. Kwenye Ubuntu au Debian andika sudo apt install bind9-dnsutils. Mwenye simu ya Android anaweza kusakinisha Termux na kuandika pkg install dnsutils, na tunao mafundi wanaofanya kazi yote hii wakiwa kwenye daladala. Popote tulipoandika jinalako.com, weka kikoa chako.

Mstari tulioanza nao siku ile ni huu:

dig jinalako.com MX +short

Kwenye Windows:

nslookup -type=mx jinalako.com

Rekodi ya MX ndiyo inayouambia ulimwengu barua za kikoa hiki zipelekwe kwenye seva gani. Mteja wetu alikuwa akitumia huduma ya barua ya Google, kwa hiyo tulitarajia kuona "1 smtp.google.com." Jibu lililotoka lilikuwa "0 jinalako.com." Namba ya mwanzo ni kipaumbele, na ndogo hujaribiwa kwanza. Kilichotushtua ni jina linaloifuata. Kikoa kilikuwa kinasema: barua zangu zileteni kwenye seva ileile ya tovuti yangu. Na kwenye seva hiyo mpya hakukuwa na sanduku la mtu yeyote. Kila barua ilifika, ikatafutiwa mwenyewe, ikarudishwa kwa msimbo 550. Mlango haukuwa umefungwa, bali barua zilipelekwa nyumba isiyo na watu.

Ilitokeaje? Fundi aliyehamisha tovuti aliambiwa abadilishe seva za majina, akabadilisha. Ni sahihi, tovuti ikahama. Ila kubadilisha seva za majina ni kubadilisha mjumbe, na mjumbe mpya haji na daftari la mjumbe wa zamani. Anaanza na daftari jipya lililojazwa mistari ya kawaida, na mstari wa kawaida wa MX kwenye seva nyingi za kupangisha tovuti ndio huo: barua zije hapahapa. Rekodi zote ambazo mtu alizijaza kwa mkono miaka mitatu iliyopita, za barua, za uthibitisho, za mfumo wa malipo, zimebaki kwenye daftari la zamani.

Na kwa nini Jumamosi baadhi ya barua ziliendelea kufika? Andika hivi:

dig jinalako.com +trace

Utaona safari nzima kutoka kwenye mzizi hadi kwa mjumbe. Kwa kikoa cha .com, kwenye mistari inayotoka kwa seva za gtld-servers.net, kando ya jina utakuta namba 172800. Hizo ni sekunde, yaani saa 48. Ni muda ambao bodaboda anaruhusiwa kukumbuka mjumbe wa kikoa hiki ni nani bila kuuliza tena. Aliyeuliza Ijumaa asubuhi, kabla ya mabadiliko, alikuwa na haki ya kutumia jibu la zamani hadi Jumapili asubuhi. Barua zilizopita kwa bodaboda mwenye kumbukumbu ya zamani zilifika, zilizopita kwa aliyeuliza upya zilipotea. Ndiyo maana mteja anaapa kwamba barua pepe "inafanya kazi nusunusu", na anasema kweli tupu.

Unaweza kuwauliza bodaboda wawili tofauti na kulinganisha:

dig @8.8.8.8 jinalako.com MX
dig @1.1.1.1 jinalako.com MX

Ya kwanza ni seva ya Google, ya pili ya Cloudflare. Majibu yakitofautiana, mabadiliko bado yanasambaa, nawe subiri, usiguse kitu. Tunasisitiza hili kwa sababu tumeona watu wakibadilisha rekodi kila nusu saa kwa wasiwasi, mpaka mwisho hata wao hawajui ipi ndiyo sahihi. Rudia amri ileile baada ya dakika moja uangalie namba ya sekunde kwenye jibu: mara nyingi itakuwa imepungua. Hilo ndilo jibu linalotoka kwenye kumbukumbu. Wanaotumia nslookup huandikiwa "Non-authoritative answer", na wengi hutupigia wakidhani ni kosa. Si kosa. Maana yake umejibiwa na bodaboda, si na mjumbe mwenyewe.

Dawa ya mteja wetu ilipatikana kwa sababu moja tu: alikuwa bado hajaifunga akaunti yake ya zamani. Seva za zamani za majina huendelea kujibu ukiziuliza moja kwa moja, hata kama dunia haizifuati tena. Kama seva yako ya zamani ilikuwa ns1.zamani.example, unaandika:

dig @ns1.zamani.example jinalako.com MX
dig @ns1.zamani.example jinalako.com TXT
dig @ns1.zamani.example _dmarc.jinalako.com TXT

Tukapata daftari lote, mstari kwa mstari, tukalijaza upya kwa mjumbe mpya. Angekuwa ameifunga Jumamosi ili kuokoa ada ya mwezi, tungekuwa tunakisia.

Rekodi hizo za TXT zinastahili maelezo, maana ndizo zinazosahaulika kuliko zote. Mstari unaoanza na v=spf1 unataja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako. Mwingine, wa DKIM, una ufunguo wa kuthibitisha saini iliyomo ndani ya kila barua. Huu haupatikani kwa kuuliza kikoa peke yake, ni lazima ujue jina lake la mbele, kwa mfano google._domainkey.jinalako.com. Usipolijua, fungua barua yoyote ya zamani uliyotuma, tazama maelezo yake kamili, tafuta DKIM-Signature na usome kilichoandikwa baada ya s=. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai uthibitisho wa namna hii kwa wanaotuma barua kwa watumiaji wao, na anayetuma zaidi ya 5,000 kwa siku anatakiwa awe na DMARC pia, yaani rekodi inayosema barua zisizothibitika zifanyweje. Ukirudisha MX ukasahau hizi, barua zitaingia kwako vizuri, lakini zako zitaishia kwenye barua taka za wateja, na hilo utaligundua kwa kuchelewa zaidi.

Kuna mtego mmoja uliobaki, nao ulitusumbua kwa siku nzima. MX imerekebishwa, barua kutoka nje zinaingia, lakini ujumbe wa fomu ya maombi iliyoko kwenye tovuti haufiki. Hapo dig haitakuonyesha chochote, maana rekodi ziko sawa. Seva ya tovuti yenyewe inaamini kwamba barua za jinalako.com ni zake, kwa hiyo haiulizi mtu. Inajipelekea yenyewe. Ingia kwenye paneli ya seva, kwenye mpangilio wa barua, uiambie kwamba barua za kikoa hiki zinapokelewa kwingine.

Majibu mengine utakayoyaona ni mepesi. NXDOMAIN maana yake jina hilo halipo kabisa, kwa hiyo kagua tahajia, kisha kagua kama kikoa kimekwisha muda. SERVFAIL maana yake jina lipo ila mjumbe hajibu, au jibu lake halikubaliki. NOERROR isiyo na jibu maana yake jina lipo ila hakuna rekodi ya aina uliyoiuliza. Usifurahie hiyo ya mwisho kama umeuliza MX, kwa sababu pasipo na MX watumaji hujaribu anwani ya tovuti yenyewe, na tumekwisha kuona huko kunaishia wapi.

Kuhusu muda wa kikoa, swali lake huenda kwingine:

whois jinalako.com

Angalia Registrar, ndiko kikoa kilikosajiliwa, na Registry Expiry Date. Angalia pia Domain Status. Kwenye .com kuna jambo linalodanganya: siku ya mwisho ikifika, sajili, yaani wanaoendesha .com yote, husogeza tarehe mwaka mmoja mbele hata kama wewe hujalipa, huku msajili wako akikusubiri. Ukiona autoRenewPeriod na hukumbuki kulipa, lipa leo. Ukiona redemptionPeriod, una hadi siku 30 za kukikomboa, kwa gharama kubwa zaidi. Ukiona pendingDelete peke yake, bila redemptionPeriod, zimebaki siku zisizozidi 5 na hakuna cha kufanya isipokuwa kusubiri kiachiliwe. Vikoa vya nchi kama .tz na .ke vina taratibu zake, kwa hiyo usivipimie siku hizi.

Jina la mmiliki kwa kawaida halionekani tena, limefichwa tangu sheria ya faragha ya Ulaya ya 2018. Kwa hiyo jiulize swali ambalo whois haitakujibia: akaunti iliyoko kwa huyo Registrar inafunguliwa kwa barua pepe ya nani? Ikiwa ni ya fundi, au ya kijana aliyeacha kazi kwako, basi kikoa kiko mikononi mwake. Msimamo wetu hapa hautikisiki. Tukikusajilia kikoa, akaunti inakuwa yako tangu siku ya kwanza, hata kama hutaki kujihangaisha nayo.

Na kuna siku ambapo rekodi zote ni nzima na bado hakuna kinachofunguka. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Wateja walitutaka turekebishe kikoa. Siku kama hiyo andika traceroute jinalako.com, au tracert kwenye Windows, uone safari inaishia wapi. Nyota tatu kwenye mstari mmoja wa katikati zisikutie hofu, kwani vituo vingi havijibu kwa makusudi. Tazama kama mistari inayofuata inaendelea.

Ukitupigia kuhusu barua pepe, tuletee maandishi ya majibu, usipige picha ya skrini, maana nukta moja ikikosewa kusomwa tunatafuta kitu kingine kabisa. Na kama unapanga kuhama wiki hii, fanya hivi kabla hujagusa seva za majina:

dig jinalako.com NS > rekodi.txt
dig jinalako.com A >> rekodi.txt
dig jinalako.com MX >> rekodi.txt
dig jinalako.com TXT >> rekodi.txt
dig _dmarc.jinalako.com TXT >> rekodi.txt

Ongeza mstari wa DKIM kama unajua jina lake. Tutumie faili hilo, tutalilinganisha na daftari jipya kabla ya kuhama, bila malipo, hata kama unahamia kwa mwenzetu.