Pampu imekufa, miti imeliwa na mbuzi, picha imetoka vizuri

Mhariri,

Mimi si mtu wa kuandika magazetini. Gazeti lako nalinunua, nalisoma, likiisha nafungia wateja maandazi, na miaka yote hiyo sijawahi kukusumbua. Ila ile habari yenu ya klabu ya huduma za jamii ya mjini, ile yenye picha ya mgeni rasmi kashika mpini wa pampu na watoto wanapiga makofi, mkaandika eti klabu "imemaliza kero ya maji" kwenye shule za huku kwetu Mkinga, hiyo imenishinda kunyamaza. Picha ile ni ya siku ya uzinduzi. Mtoto aliyesimama mbele na kidumu cha njano namjua, ni wa jirani yangu, sahivi yuko sekondari. Pampu yenyewe haitoi hata tone.

Jina la klabu silitaji. Wanajijua, na wewe unawajua maana ndio wanaokualika.

Na nisieleweke vibaya, hizi klabu za kujitolea mimi sizichukii. Rotary waliivaa polio tangu 1985 na mpaka leo hawajaiachia, Agosti 2020 Afrika ikatangazwa kuwa imeishinda ile polio ya asili, na 2022 kilipoonekana kisa kule Lilongwe, Malawi, huku nako watoto wakapewa matone upya. Lions nao Helen Keller, yule mama wa Marekani aliyekuwa haoni wala hasikii, aliwaomba 1925 wawashike mkono wasioona, na habari ya macho wanayo mpaka kesho. Sasa kama wenzao wanaweza kukaa na jambo moja miaka arobaini, mwingine karibu mia, hawa wetu pampu moja ya shule inawashindaje?

Jibu nililipata kwa simu. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya maji pale shuleni, cheo kisicho na hela. Pampu ilianza kulegea, unapiga mpaka bega linauma ndoo haijafika nusu, halafu siku moja ikakata kabisa. Fundi akaja akasema mama hii ni mipira ya pistoni imelika, kitu cha bei ya kreti ya soda, ila vipuri vyake hapa karibu hakuna na spana yake walioifunga wameondoka nayo. Mwalimu mkuu nae atoe wapi, ruzuku ya serikali kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima na humo humo vitabu vimeshahesabiwa. Basi nikaenda kwenye kile kibao cha marumaru, na kibao ni kizuri jamani, jina la rais wa klabu limechongwa kwa rangi ya dhahabu, namba ya simu hakuna. Namba nikaitafuta kwa watu, nikampigia. Mstaarabu kweli, akaniambia "mama mimi nilishamaliza muda wangu, mtafute rais wa sasa". Nikamtafuta rais wa sasa, nae mstaarabu vile vile, akanijibu "mama, maji yalikuwa mwaka wa mwenzangu, mwaka wangu mimi ni mazingira".

Mwaka wangu! Ndio nikaja kujua kumbe hizi klabu mwaka wao unaanza Julai mosi unaisha Juni 30, na kila Julai anaingia rais mpya na mradi wake na kibao chake, na hakuna rais hata mmoja atakayekubali kupigwa picha anabadilisha mpira wa pistoni wa rais aliyepita.

Sasa sikiliza mazingira yenyewe yalivyokuja. Walikuja Februari, jua la kaskazi, ardhi imepasuka, kupanda miti. Siku ya taifa ya kupanda miti ni Aprili mosi, masika ndiyo hiyo, hata serikali imelijua hilo, lakini mgeni wao kutoka nje alikuwa nchini Februari kwahiyo miti ikapandwa Februari. Na wapi? Shule ile ile, hatua chache toka pampu ile ile iliyokufa. Na kwakuwa maji hakuna, jana yake wanafunzi wakatangaziwa kila mmoja aje na kidumu cha maji kutoka nyumbani, maji ambayo mama zao wameyafuata kisimani usiku usiku na ndoo kichwani, yaani mtoto anabeba maji ya kupikia uji anayaleta shule ili mgeni apate cha kumwagilia mbele ya kamera. Watoto wamekaa juani toka saa mbili, wageni wanaingia saa sita na nusu, spika zinalia, mara risala, mara ngonjera, mara hotuba ya rais, hotuba ya rais mteule, mara mfano wa hundi unaoshikwa na watu wanne, na wale wa darasa la saba wana mtihani mwaka huo huo siku nzima hawajafungua daftari. Bwana mmoja wa klabu akasimama akasema kila mti umepata mwanafunzi wake wa kuulea. Aulee kwa nini, kwa mate? Mimi nikajikaza nikamfuata mama mmoja wao, nikamshika mkono nikampeleka mpaka kwenye pampu, nikamwambia dada yangu hii ndiyo ile mliyotupa, imekufa. Akaitazama, akasema "oo poleni sana", akampa mwenzie simu akapigwa nayo picha. Miti haikufika mwezi, mbuzi walimaliza, na mbuzi siwalaumu.

Tena afadhali hata hao, kuna wale vijana wageni wanaokuja likizo kujitolea kupaka rangi. Pale shuleni mwalimu wa darasa la pili alikuwa amechora ukutani ramani ya Tanzania na jedwali la kuzidisha, kachora mwenyewe kwa rangi ya kununua kwa mshahara wake, ramani hadi kisiwa cha Mafia kimo. Wakaja vijana wakapaka rangi ya bluu juu yake, kisha kila mmoja akachovya kiganja akakipiga ukutani. Leo watoto wa darasa la pili wanasoma viganja. Na fundi rangi wa kijiji, ambaye siku hiyo angefanya kazi nzuri kwa posho na chai, alikaa chini ya mwembe anawaangalia.

Halafu tusiambiwe kutunza pampu ni kazi ya wataalamu. Vuka hapo Horohoro, ingia Lunga Lunga, yaani Kwale kwa ndugu zetu Wadigo wa ng'ambo. Miaka ya 80 huko ndiko ilikojaribiwa pampu ya Afridev, ikaundwa makusudi mtu wa kijijini aweze kuifungua kwa spana moja, na akina mama wakafundishwa kuitunza wenyewe. Pampu ya shule yetu ni hiyo hiyo Afridev. Spana moja tu, Mhariri! Na hiyo moja ndiyo waliyorudi nayo mjini. Na toka 2019 kuna RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na vile vyombo vya watumia maji vijijini, klabu ingepita tu kuuliza hii tukishaichimba nani ataishika, wangejibiwa bure bila mfano wa hundi.

Kwahiyo naomba hivi. Siku ya kukabidhi, kibao cha marumaru kisubiri, kwanza tukabidhiwe mfuko wenye mipira ya akiba, spana, na namba ya fundi iliyoandikwa kwa rangi ya mafuta kwenye zege palepale. Wewe nae kila Juni mtume yule mpiga picha wako kwenye pampu zote ulizozitoa gazetini mwaka uliotangulia, apige tena, uzitoe ukurasa ule ule na ukubwa ule ule. Na huyo rais mpya wa Julai, kabla hajavishwa ule mkufu wao pale hotelini, aletwe huku kwanza ajaze ndoo kwenye pampu ya kila rais aliyemtangulia. Ikijaa avishwe. Isipojaa arudi na fundi.

Ndoo nitatoa mimi, ya lita 20.

Mzazi na mweka hazina,
Mkinga, Tanga