Bingwa asiye na breki hakushinda kwa wazimu

Ndugu Mhariri,

Mbio za spidiwei, yaani mbio za pikipiki kwenye uwanja wa udongo wa duara, zikibahatika kuingia kwenye kurasa za michezo za Kiswahili, hupewa mistari michache na neno moja linalobeba habari yote: breki. Pikipiki hazina breki, basi. Msomaji anakunja gazeti akiamini huo ni mchezo wa watu waliochoka kuishi. Naandika kuipinga picha hiyo. Inamdhulumu Tai Woffinden, mmoja wa wanamichezo wenye hesabu kali kabisa waliotoka Uingereza katika miaka hii. Tena kijana mwenye Boxer anayeitazama klipu ya sekunde kumi na tano kwenye simu anaweza kuondoka na somo la hatari.

Woffinden alizaliwa Scunthorpe, Uingereza, Agosti 10, 1990, akakulia Perth, Australia, ambako wazazi wake walihamia angali mdogo. Baba yake, Rob, naye aliendesha spidiwei. Mwaka 2006 kijana alirudi Scunthorpe kuanzia ligi ya chini, akapanda hadi klabu ya Rye House, kisha Wolverhampton. Mwaka 2010, akiwa na miaka 19, aliingizwa kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia. Januari ya mwaka huohuo baba yake alikuwa amefariki kwa saratani. Alimaliza msimu akiwa wa 14, akapoteza nafasi. Akarudishwa 2013 kwa kuteuliwa na waandaaji, na msimu huo, pamoja na kuvunjika mtulinga, akawa bingwa wa dunia. Akatwaa tena 2015, na tena 2018. Hakuna Mwingereza mwingine aliyewahi kufikisha mataji matatu: Freddie Williams wa Wales (1950 na 1953) na Peter Craven wa Liverpool (1955 na 1962) waliishia mawili.

Ujasiri wa mtu wa 14 na ujasiri wa bingwa ni uleule. Kilichobadilika ni pointi, na pointi za spidiwei zinahitaji kusomwa kwa makini kuliko magoli.

Katika misimu hiyo mitatu, kila raundi ilikuwa na waendeshaji 16 na mbio 20. Kila mmoja alishindana mara tano, wanne wanne, mizunguko minne kuelekea kushoto. Wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho sifuri. Wanane bora waliingia nusu fainali mbili, wanne wakaenda fainali. Kila pointi iliingia kwenye hesabu ya msimu, kwa hiyo raundi isiyo na dosari ilizaa 21. Sasa tazama: mwaka 2013 Woffinden alikusanya 151 katika raundi 12, wastani wa 12.6. Mwaka 2015 alipata 163 katika raundi 12, wastani wa 13.6, ingawa raundi ya kwanza, ya Warsaw, Aprili 18, ilisimamishwa baada ya mbio 12 kwa sababu udongo ulioletwa uwanjani ulibomoka na lango la kuanzia likagoma, kila mtu akaishia kushindana mara tatu tu. Mwaka 2018 alipata 139 katika raundi 10, yaani 13.9.

Kwa mfumo huo, pointi 13 zilipatikanaje? Shinda mara mbili, uwe wa pili mara mbili, wa tatu mara moja: hizo ni 11. Ongeza nafasi ya pili kwenye nusu fainali, umefika 13. Ukiburuza mkia kwenye fainali unabaki nazo. Mtu anaweza kuwa bingwa wa dunia huku wengine wakisimama juu ya jukwaa, na Mark Loram, Mwingereza aliyemtangulia Woffinden kwa taji hilo, alitawazwa mwaka 2000 bila kushinda hata raundi moja. Kwa hiyo kazi kubwa ya bingwa ni ile ambayo kamera haiifuati: kumpita wa tatu kwenye mzunguko wa mwisho ili sifuri iwe moja.

Nirudi kwenye breki. Pikipiki ya spidiwei ina silinda moja ya cc 500, gia moja, klachi, na uzito usiopungua kilo 77 bila mafuta. Injini za siku hizi zimelazwa karibu kulala kabisa kwenye fremu ili uzito ukae chini. Breki hazipo, mbele wala nyuma, na sababu ni ya usalama. Waendeshaji wanne wanaingia kona wakiwa wamekaribiana mno. Mmoja akikamata breki ghafla, aliye nyuma yake hana pa kwenda.

Kupunguza mwendo hufanywa kwa kuilaza pikipiki ubavu. Kabla ya kona mwendeshaji anapunguza mafuta kidogo sana, anauhamisha mwili, gurudumu la nyuma linateleza kwenda nje, kisha anafungua mafuta tena ili lizunguke kwa kasi kuliko ardhi inavyopita chini yake. Usukani unaelekezwa kulia wakati pikipiki inakwenda kushoto. Mguu wa kushoto, wenye kiatu cha chuma kilichofungwa juu ya buti, unaburuzwa chini kama mhimili. Tairi linalokwangua udongo kwa ubavu ndilo breki yenyewe.

Kuna makosa mawili hapo, na yanakwenda pande tofauti. La kwanza ni kufunga mafuta yote katikati ya kuteleza. Gurudumu la nyuma linashika ardhi kwa ghafla, pikipiki inasimama wima kwa nguvu na kumrusha mtu upande wa kulia, juu ya usukani. La pili ni kufungua mafuta mengi pale ambapo udongo umeshika. Gurudumu la mbele linanyanyuka, na pikipiki isiyo na gurudumu la mbele ardhini haikati kona, inakwenda moja kwa moja ukutani. Mwendeshaji mzuri anaona rangi ya udongo kabla hajaufika: uliolowa na kuwa mweusi unashika, uliokwanguliwa hadi chini na kung'aa hauna kitu.

Ndiyo maana kijana wa bodaboda asidanganyike. Lami haitelezi kama changarawe iliyosagwa, na tairi la Boxer halikutengenezwa kuburuzwa ubavu. Barabarani kuna watoto, mbuzi na daladala wasiojua kwamba wewe unakwenda kushoto tu. Pikipiki ya spidiwei ina kamba iliyofungwa kwenye kifundo cha mkono, na mwendeshaji akianguka inavutika na kuzima injini papo hapo. Ukifungua breki za pikipiki ya barabarani umeondoa kinga, hujaweka nyingine mahali pake.

Mafuta yake pia si petroli, ni methanoli tupu. Kilo moja ya petroli huungua na hewa kilo 14.7, kilo moja ya methanoli hutosheka na kilo 6.4. Maana yake, kwa hewa ileile injini inataka methanoli zaidi ya mara mbili, na jeti za kabureta lazima ziwe na matundu mapana. Faida yake ni kwamba methanoli ikigeuka mvuke inanyonya joto jingi, hivyo injini inavumilia mgandamizo wa 14 kwa 1 na zaidi, wakati pikipiki nyingi za barabarani zinazunguka kwenye 9 au 10. Hasara yake mafundi wanaijua. Methanoli inavuta unyevu wa hewani, inakula alumini ya kabureta, inapenya kwenye oili na kuifanya iwe nyeupe kama maziwa. Baada ya mashindano tenki na kabureta humwagwa na kusafishwa, oili inabadilishwa mara kwa mara. Ni sumu pia, inaingia mwilini hata kupitia ngozi, na ikiwaka juani moto wake hauonekani. Mtu anaweza kuungua na aliye kando yake asijue anarukaruka kwa nini.

Mashindano mengi huamuliwa mita thelathini za kwanza. Wanne wanasimama nyuma ya utepe wa kuanzia, nafasi ya kwanza ndani, ya nne nje. Injini inanguruma, klachi imeshikwa, utepe unaruka. Ukiugusa kabla haujapanda, mwamuzi anakuondoa kwenye mbio hizo. Ukiachia klachi huku uzito wako uko nyuma, gurudumu la mbele linapanda na inabidi upunguze mafuta. Ukiulalia usukani kupita kiasi, gurudumu la nyuma linachimba shimo na kuzunguka bure. Nafasi moja inaweza kuwa nzuri mbio ya tatu na mbovu mbio ya kumi na tano, kwa sababu magurudumu yaliyotangulia yamechimba mfereji hapo na trekta halikuufukia vizuri. Timu makini inaandika matokeo ya kila nafasi kuanzia mbio ya kwanza. Katika misimu ile mitatu, kwenye nusu fainali wenye pointi nyingi walichagua nafasi kabla ya wengine, kwa hiyo ile pointi moja ya kumpita wa tatu ilirudi usiku uleule ikiwa nafasi bora ya kuanzia.

Kati ya mbio na mbio fundi ana dakika chache, na hapo ndipo sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno la mnyororo, inapobadilishwa. Udongo mzito ukiwa unavuta mzunguko wa injini chini, anaongeza meno, tuseme kutoka 58 kwenda 59 au 60. Uwanja ukikauka na gurudumu likaanza kuzunguka bure, anapunguza jino au mawili, au anachelewesha cheche kidogo ili nguvu ije kwa upole. Jino moja linaonekana dogo kwa aliyezoea kubadilisha sproketi za kupandia milima, lakini kwenye mbio za dakika moja ndilo linalotenganisha wa kwanza na wa tatu. Tairi la nyuma nalo linalika makali upande mmoja kwa sababu kona zote ni za kushoto; likishalika linageuzwa ili ukingo mpya ukutane na udongo. Anayebadilisha vitu vitatu kwa mara moja hatajua ni kipi kilichomsaidia. Hili ni kosa la vijana wengi wanaoingia mashindano makubwa na vipuri vingi kuliko kumbukumbu walizoandika.

Maisha ya mwendeshaji wa daraja hilo yanataka mpangilio kama wa dereva wa masafa marefu. Ligi yenye fedha iko Poland. Kuanzia 2012 Woffinden aliendesha kwa Wrocław, na mwaka 2021 timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Poland. Oktoba mwaka huohuo Uingereza ilishinda Spidiwei ya Mataifa jijini Manchester, taji lao la kwanza la dunia la timu tangu 1989, naye alikuwa kikosini pamoja na Robert Lambert na Dan Bewley. Kwa miaka kadhaa alichanganya hayo na mechi za Wolverhampton na ligi ya Sweden, gari la pikipiki likivuka mipaka usiku.

Hatari ipo na sitaificha. Peter Craven alikufa Septemba 1963, siku nne baada ya ajali ya Edinburgh alipojaribu kumkwepa mwenzake aliyeanguka. Machi 30, 2025, Woffinden mwenyewe aliumia vibaya Krosno, Poland, katika mechi ya maandalizi ya msimu: paja, mkono na mifupa ya mgongo vilivunjika. Kuta za hewa zinazowekwa kwenye kona siku hizi zimeokoa wengi. Zote mbili, ajali na kuta, zinastahili kuandikwa kwa maelezo: aligonga nini, kwa pembe gani, ukuta ulikuwa wa aina gani.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni la nafasi ndogo tu. Msimu wa ubingwa wa dunia ukianza, chapeni jedwali la kila raundi: jina, pointi za mbio tano, za mchujo na za fainali, na nafasi ambayo kila mmoja alianzia. Vijana wetu wa gereji wanajua meno ya sproketi kuliko wachambuzi wengi. Wapeni namba, watalisoma jedwali hilo wenyewe.

Fundi pikipiki,
Morogoro.