Barua kwa Mwanangu: Kangaja Wako Hana Pa Kwenda

Kisumu,
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Nilifika nyumbani salama kutoka kwako Nakuru, ingawa mvua ya Kericho ilituchelewesha sana njiani, na mama yako anakushukuru kwa viazi, ambavyo tayari amewagawia majirani nusu kabla mimi sijaonja hata kimoja. Nimeona niandike badala ya kupiga simu, kwa kuwa kwenye simu utanikatiza kwa kicheko nami nitasahau nusu ya niliyokusudia kusema. Jambo lenyewe linahusu kangaja, yule samaki wako wa buluu wa baharini, na nakuomba, mama (sitaacha kukuita hivyo maadamu umebeba jina la mama yangu mzazi), uisome barua hii hadi mwisho kabla ya kunijibu.

Asubuhi ile ulipokwenda kazini ukaniacha sebuleni, niliketi mbele ya tangi lako na kikombe cha chai, nikatazama kwa muda wa saa nzima. Wale wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe walikuwa kwenye pembe yao, wakiyumba hapo hapo kama watu waliokwisha kulipa kodi ya nyumba. Kangaja hakutulia hata mara moja. Alitoka kioo cha kushoto akipiga mapezi ya mbavuni kama makasia, akapita mbele ya mawe, akafika kioo cha kulia, akageuka na kurudi kwa njia ile ile. Nilivua saa ya mkononi nikaiweka mezani: katika dakika moja aligeuka mara 22, na karibu kila mara alipindia pale pale penye tone la gundi lililokauka kwenye pembe ya kioo. Chai ilipoa nikiwa bado nahesabu.

Uliniambia kwa fahari kwamba ni samaki mchangamfu, na sikutaka kukuvunja moyo siku ile. Hata hivyo, nimefuga samaki aina ya ngege kwenye vizimba hapa Dunga, Ziwa Victoria, kwa miaka mingi, na macho yangu yamezoea kutofautisha samaki anayekwenda mahali na samaki anayezunguka kwa sababu hana pa kwenda.

Tangi lako lina urefu wa sentimita 80, upana wa 35, na maji yanafika kimo cha 40. Hizo ni lita 112, na ukiondoa nafasi iliyochukuliwa na mawe na mchanga, sidhani kama maji yenyewe yanazidi lita 90. Samaki uliyemweka humo sasa ana sentimita tisa, lakini jamii yake huweza kufikia 30, na makao yake ya asili ni miamba ya matumbawe kuanzia pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi Bahari ya Pasifiki, mahali penye mkondo na mawimbi, ambapo hushinda akiogelea na kudonoa chakula kidogo kidogo mchana kutwa. Wafugaji wenye uzoefu humtengea tangi la urefu wa mita 1.8 na maji ya lita 600 na zaidi, nao huutaja urefu kwanza kabla ya lita, kwa sababu tangi refu la kwenda juu linaweza kuwa na maji mengi na bado likamnyima njia.

Aliyekuuzia alikwambia kwamba samaki hukua kwa kadiri ya chombo alichomo. Nimeisikia kauli hiyo hata huku ziwani. Ni kweli kwamba samaki aliyebanwa anaweza kudumaa, kwa sababu ya uchafu wa maji, lishe duni na kukosa utulivu, lakini kudumaa si kuzoea. Ngege waliojazwa kupita kiasi katika kizimba kimoja nao hudumaa, na sijawahi kumwona mfugaji akimwita mnunuzi aje kuwasifia.

Kuna jambo jingine ambalo nina hakika hukulifikiria, nalo linatokana na mahali unapoishi. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa shinikizo la hewa huko ni dogo kuliko Mombasa, maji nayo hushika oksijeni kidogo, pungufu kwa karibu moja ya tano. Maji ya chumvi hushika oksijeni kidogo kuliko maji yasiyo na chumvi ya ziwani, na maji yenye joto hushika kidogo zaidi, nawe unalazimika kuyaweka kwenye nyuzi 25 au 26 kwa sababu samaki huyu ni wa bahari ya joto. Ukijumlisha yote hayo, umemchukua samaki anayehitaji pumzi nyingi kuliko wenzake wote humo ndani, kwa sababu hapumziki, ukamweka mahali penye pumzi chache. Umeme ukikatika usiku, pampu ikanyamaza na hita ikapoa, wale wawili wa machungwa wanaweza kuvumilia muda mrefu kuliko yeye.

Nalisema hili nikiwa na sababu. Unakumbuka ule mwaka uliporudi likizo ukanikuta sisemi na mtu. Alfajiri moja nilifika kwenye vizimba nikakuta ngege wamejaa juu, midomo nje ya maji, mashavu yakifunguka na kufungika upesi upesi, na kabla ya saa tatu walikuwa wamegeuza matumbo. Maji yalikuwa yamekosa oksijeni usiku. Niliwatoa kwa karai, na hadi leo harufu ile ikinijia sili samaki siku hiyo.

Kuhusu maji unayotumia, naomba uache kabisa ule utani wako kwamba Nakuru ina ziwa la chumvi mlangoni. Chumvi ya ziwa lile ni ya magadi, nayo haifanani na ya bahari. Kangaja akitiwa humo atakufa. Maji ya visima vya huko nayo yana floridi nyingi, kama meno ya wazee wa mtaa wako yanavyoshuhudia, kwa hiyo endelea kununua maji yaliyosafishwa na kuyachanganya na chumvi ya bahari ya pakiti, gramu 35 hivi kwa kila lita. Maji yanapopungua kwa kuvukizwa, ongeza maji matupu yasiyo na chumvi, kwani chumvi haiondoki na mvuke. Nililiona kosa hilo kwako: kipimo chako cha chumvi kilikuwa kimepanda, na pembezoni mwa kioo palikuwa na ukoko mweupe.

Nilimwona pia na vidoa viwili vyeupe kwenye pezi la mkia, vidogo kama chembe za chumvi. Jamii ya kangaja inajulikana sana kwa kushikwa na ugonjwa huo wa madoa meupe, ambao huletwa na kidudu kinachojichimbia kwenye ngozi na mashavu, na samaki aliyebanwa hushikwa upesi zaidi. Usimwage dawa ya shaba ndani ya tangi, hata ukishauriwa hivyo dukani, kwa sababu itaua konokono na kamba wako wote na kunywewa na mawe. Dawa hiyo hutumika kwenye chombo cha pembeni, kwa kipimo kinachoangaliwa kila siku.

Sikulaumu kwa kumpenda. Hata mimi, nilipokuwa kijana nikifanya kazi ya mkataba Malindi, niliwahi kupanda mashua yenye kioo chini katika hifadhi ya bahari ya pale, nikawaona kangaja wakipita kwa makundi juu ya matumbawe, kundi zima likipinda kwa pamoja na kutoweka kwenye maji ya mbali, mashua yetu ikishindwa kuwafuata. Labda ndiyo sababu zile hatua za sentimita 80 zilinikera kiasi kile. Ujue pia kwamba samaki wa aina yake wanaouzwa karibu wote hutolewa baharini; ni mwaka 2016 tu ambapo watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walifaulu kumzalisha kwenye matangi, nayo haikuwa kazi rahisi.

Kwa hiyo naomba tumpeleke kwa yule rafiki yako wa Nairobi uliyeniambia ana tangi la zaidi ya mita mbili. Mweleze habari ya vile vidoa kabla hatujafika, ili amtengee chombo cha pekee kwa wiki kadhaa asije akawaambukiza wengine. Usifikirie kumrudisha baharini. Samaki aliyekaa dukani na nyumbani hubeba maradhi ya huko, na sisi watu wa ziwa hili tuliona mbuta alivyowala samaki wa asili baada ya kuletwa na watu.

Katika nafasi atakayoiacha, kama utapenda kitu chenye shughuli, tafuta yule samaki mdogo mlinzi anayeishi shimo moja na kamba. Kamba haoni vizuri, basi yeye huchimba na kusukuma mchanga nje kama fundi wa choo, huku samaki akisimama mlangoni na kulinda. Akitikisa mkia tu, wote wawili wamezama shimoni. Huyo hahitaji mita mbili. Utamtazama jioni nzima na hutachoka.

Nitafika Nakuru Jumamosi kwa matatu ya kwanza, nikiwa na ndoo ya lita 60 yenye mfuniko na ile pampu ya betri ya vizimba. Hadi siku hiyo, sogeza yale mawe yote upande wa nyuma ili apate angalau njia moja iliyonyooka, geuza mdomo wa pampu utibue uso wa maji, mfungie kipande cha mwani kwenye kioo kila asubuhi, na usisahau kufunika, kwani anaweza kuruka. Ukimkuta usiku amelala ubavu katikati ya mawe usishtuke, ndivyo wanavyolala. Usijaribu kumkamata peke yako kwa wavu: pande zote mbili za shina la mkia ana mwiba mkali kama wembe, utanasa kwenye nyuzi na kumchana yeye au vidole vyako. Tutamwongoza aingie kwenye bakuli la plastiki. Ijumaa jioni usimlishe, wala Jumamosi asubuhi, ili asichafue maji ya safari.

Ni mimi baba yako.