Mageuzi ya Wanormani hayakuwa ya Wanormani peke yao

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Kanisa la Uingereza baada ya mwaka 1066, Wanormani wa kaskazini mwa Ufaransa walipoiteka nchi hiyo, imenifurahisha, kwani historia ya zama hizo huandikwa kwa nadra katika Kiswahili. Hata hivyo, imewanyima watu haki yao. Inasimulia kana kwamba William Mshindi, mtawala wao, alilikuta Kanisa limelala, akaja na watu wake kutoka ng'ambo wakaliamsha, na wamonaki (watawa wa kiume) Waingereza kazi yao ikawa kuamshwa tu.

Ya kurekebisha yalikuwepo, sikatai. Askofu mkuu Stigand alishika majimbo mawili, Canterbury na Winchester, kwa wakati mmoja, mpaka wajumbe wa Papa walipomvua madaraka mwaka 1070. Lanfranc aliyepewa kiti cha Canterbury, mzaliwa wa Pavia, Italia, aliyelelewa kimonaki katika monasteri ya Bec kule Normandie, alikuwa msomi na mchapakazi. Sinodi yake ya mwaka 1075 iliwahamisha maaskofu kutoka vijijini kwenda mijini. Ndivyo kiti cha Selsey kilivyohamia Chichester. Ile ya mwaka 1076 ilikataza kuwapa daraja takatifu watu wenye wake, lakini mapadre wa vijijini waliokwisha kuoa haikuwalazimisha kuwaacha. Hapo namsifu kwa moyo wote.

Mbona basi makala imenyamaza kuhusu monasteri ya Glastonbury? Mwaka 1083 abati (mkuu wa monasteri) Thurstan, aliyeletwa kutoka Caen kule Normandie, aliwataka wamonaki waache namna yao ya kuimba sala na washike nyingine. Walipokataa, aliita askari. Wamonaki walikimbilia kanisani, wakapigwa mishale humo humo, hata karibu na altare, na baadhi yao wakafa. Thurstan alirudishwa Normandie. Anayeandika habari za mageuzi hayo hana budi kuitaja damu hiyo.

Linaloniuma zaidi ni habari za kaskazini. Makala inasema Wanormani ndio waliofufua monasteri za huko. Aliyeanza ni Mwingereza, Aldwin, priori (kiongozi wa wamonaki chini ya abati) wa monasteri ya Winchcombe. Alisoma katika historia ya Bede, mmonaki wa karne ya nane, kwamba nchi ya Northumbria iliwahi kujaa monasteri na watakatifu, akatamani kwenda kuishi huko kimaskini. Miaka michache tu kabla, majeshi ya William yalikuwa yameiteketeza nchi hiyo na kuiacha na njaa. Aldwin alifunga safari na wamonaki wawili wa Evesham: Elfwy, na Reinfrid, aliyekuwa mpiganaji wa William kabla ya kuacha silaha. Walikwenda kwa miguu, punda mmoja akiwabebea vitabu na mavazi ya ibada. Askofu Walcher wa Durham aliwapa Jarrow, makao ya Bede mwenyewe, palipobaki kuta zisizo na paa. Waliezeka, wakaanza kusali.

Vijana wa Kiingereza waliwafuata. Reinfrid akaenda kuifufua monasteri ya Whitby, Aldwin akaishia ile ya Wearmouth. Mwaka ule ule wa 1083, askofu mpya wa Durham, William wa Saint-Calais, alipotaka wamonaki wa kuhudumia kanisa lake kuu, hakuagiza watu Normandie. Aliwachukua 23 kutoka Jarrow na Wearmouth, na Aldwin akawa priori wao. Waliotoka Whitby ndio walioanzisha abasia ya Mt. Maria mjini York, na humo ndimo walimotoka, mwaka 1132, waanzilishi wa abasia ya Fountains.

Sisi tunaoishi karibu na Wabenedikto wa Peramiho tunajua monasteri haisimami kwa amri ya askofu peke yake. Lazima wapatikane watu wa kuamka usiku na kusali, mwaka baada ya mwaka. Kaskazini mwa Uingereza watu hao walikusanywa na Aldwin. Kama makala ina sehemu ya pili, naomba jina lake liwemo.

Msomaji wenu,
Songea