Kabla hujalipiga rangi lile kabati la bibi

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Huku wote wazima. Mama anakusalimu na anauliza mbona kwenye picha umekonda hivyo, Dodoma hakuna wali? Mjibu mwenyewe, mimi sitaki kesi.

Picha za kabati nimezipata. Umelipiga mbele tu, kama linaenda kuombewa pasipoti, ilhali mambo yote ya kabati yako nyuma na chini. Hata hivyo nimelijua papo hapo. Si lile la wavu la jikoni kwa bibi, alilokuwa akifungia maandazi, ufunguo ukalala kwenye pindo la kanga? Leo unaniambia unataka kulipiga rangi nyeupe lifanane na yale unayoyaona kwenye simu! Ngoja kwanza.

Kabati ni lako, sikuzuii. Ila usinunue hata kopo moja la rangi kabla hujajua chini ya ile rangi yake ya kijani kuna mbao gani. Livute kutoka ukutani, utazame nguzo za nyuma, maana huko mafundi wa zamani hawakujisumbua kupaka. Usihukumu kwa ubavu wa droo, humo waliweka mbao yoyote iliyobaki. Piga msasa kidogo mahali pasipoonekana, kisha pafute kwa kitambaa chenye thina. Kabla haijakauka utaona rangi ambayo mbao itakuwa nayo ikishapigwa vanishi. Ukiona hudhurungi inayovuta wekundu, yenye michirizi ya giza, huo ni mninga, na hapo nakuomba kwa jina la bibi uache mambo ya nyeupe. Ukiona manjano iliyoiva ikawa kahawia, huenda ni mvule. Ukikuta mbao nyepesi, nyeupe, yenye vifundo, hiyo ni paini. Piga rangi unayotaka, hata ya waridi, sitasema neno.

Mimi nahisi ni mninga. Ulipolihamisha ulilalamika kwamba watu wanne walihema.

Sasa kuitoa ile kijani. Hapa nisikilize vizuri, kwa sababu mwanao anatambaa na kila kitu anatia mdomoni. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na kwa kuitazama tu huwezi kujua. Kwa hiyo usiipige msasa mkavu, na mashine ya msasa ndiyo kabisa usiiguse. Vumbi lile litaingia kwenye mikeka na mapazia, na mtoto ndiye atakayelilamba. Toa kabati uani, tandika nailoni chini, tumia rimuva, ile dawa ya kutolea rangi. Ipake nzito, ifunike kwa nailoni isikauke, iache mpaka rangi ivimbe na kujikunja, ndipo uikwangue kwa kisu cha puti kilichofubaa makali. Kikali kitachimba mbao. Mabaki yafunge kwenye magazeti uyatupe. Usiyachome jikoni wala kuyamwaga kwenye mchicha wako.

Na kopo la rimuva lisome kabla hujalipa. Ukikuta imeandikwa ina kloridi ya methilini, rudisha. Mvuke wake umeua watu waliokuwa wakifanya kazi kwenye vyumba vilivyofungwa, na Marekani walipiga marufuku kuwauzia watu wa kawaida rimuva ya aina hiyo mwaka 2019. Fundi mwingine atakuambia uachane na gharama, upake kostiki ile ya kutengenezea sabuni. Kweli inatoa rangi. Inatoa na ngozi ya mikono, inalegeza gundi ya maungio, na mbao nyingine inazigeuza nyeusi. Mwambie asante.

Ukishalivua, lilaze chali uangalie miguu. Unakumbuka bibi alivyokuwa akiisimamisha kwenye vikopo vya maji ili sisimizi wasipande? Sisimizi hawakupanda, lakini maji yalipanda. Nina hakika ncha zake zimelainika. Zichome kwa bisibisi, na ikizama, fundi akate hapo na kuunga kipande cha mbao ngumu kwa gundi na kiungo cha maana, si msumari. Hii ndiyo kazi pekee ningempa fundi. Nyingine unaiweza wewe.

Matundu madogo ya dumuzi yatakuwepo. Yakiwa na unga mpya chini yake, wadudu wako hai: wapige dawa kwa bomba la sindano, tundu kwa tundu, na glavu mkononi. Yakiwa makavu, yazibe. Watu huchanganya unga wa mbao na gundi nyeupe, halafu wanashangaa mbona doa halishiki rangi; gundi inaziba. Changanya unga wa mbao hiyohiyo na sila, ile inayopakwa kabla ya vanishi, likauke, usugue.

Msasa anza na namba 120, malizia 240, na daima fuata nyuzi za mbao. Ukikata nyuzi, mikwaruzo huioni mpaka vanishi ipite juu yake, na hapo itakuangalia kila siku. Ziba pua kwa barakoa: vumbi la mninga hata likiwa halina rangi linawapandisha wenye pumu, na wewe nakujua.

Kisha sila, msasa mwembamba, halafu vanishi mikono miwili au mitatu, mwembamba mwembamba. Huku Tanga adui yetu ni unyevu. Ukipiga laka masika inapata ukungu mweupe palepale. Nyinyi Dodoma adui ni ule upepo wenu na vumbi lake. Piga alfajiri kabla haujaamka, chini umwage maji, na kabati likae ndani mpaka likauke, milango ya chumba imefungwa. Halafu usishtuke ukiona zile mbao bapa za milango zimeacha ufa pembeni, kwenye fremu. Limetoka pwani limekuja kwenye ukavu, limesinyaa. Ufa huo usiuzibe kwa puti wala gundi: mbao bapa hukaa huru kwenye fremu yake ili ipanuke na kusinyaa bila kupasuka.

Ile alama ya pasi ya mkaa pale juu, ya siku tulipoitwa nje kuona harusi inapita, fundi yeyote atataka kuirandia. Mkatalie. Ile ni ya bibi na hasira zake.

Kama ile nyeupe imekukaa moyoni, una meza ya paini ya kusomea, ipake hiyo. Ila vifundo vipige shelaki kwanza, la sivyo utomvu utapenya na baada ya miezi utaona madoa ya kahawia yanachungulia katikati ya weupe wako.

Wavu utoe wote, umekwisha. Nipimie vipande vyote, urefu na upana, nikununulie mpya hapa mjini. Naupeleka kwa konda wa basi la Dodoma. Bawaba za shaba zisugue kwa ukwaju na chumvi, zitang'aa tu. Na asije fundi akakuambia ni mbovu akazitia mfukoni, akakufungia za bati.

Nisalimie shemeji. Mwambie kazi ya kulivuta kabati kutoka ukutani ni yake.

Wako,
Mwanahawa