Barua kwa Mwanangu: Mdundo Mtamu, Mtu Mgumu

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama ni vibaya kuendelea kumsikiliza James Brown, yule mwimbaji wa Marekani, baada ya kujua alivyokuwa. Si vibaya. Kibaya ni kumtafutia visingizio kwa sababu nyimbo zake ni tamu.

Tanguliza sikio. Chukua wimbo wake "Funky Drummer", uliorekodiwa Cincinnati, Marekani, Novemba 1969. Vaa hedifoni, usikilize mara tatu: kwanza mfuate mpiga besi tu, kisha gitaa, kisha dramu. Kuelekea mwisho wenzake wananyamaza, mpiga dramu anabaki peke yake kwa takriban sekunde 20. Tega sikio kwenye snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali katika dramu: katikati ya mapigo makubwa yamo mengine mepesi mno, kama kijiti kimejidondokea chenyewe kwenye ngozi. Hayo ndiyo yanayoufanya mdundo utembee. Ni mkono wa Clyde Stubblefield. Wasanii wa hip-hop wamekinakili kipande hicho mno, lakini mtunzi aliyeandikwa ni Brown, na mrabaha haukumfikia Stubblefield. Basi ukiusifu mdundo ule, mtaje yeye.

Sasa tabia. Brown aliwatoza wanamuziki wake faini kwa noti iliyokosewa, hata kwa viatu visivyong'aa. Mwaka 2004 alikamatwa kwa tuhuma za kumshambulia mwenzi wake. Utaambiwa ukali ule ndio uliozaa muziki ule. Usikubali. Bendi ile iliiva kwa mazoezi na kupiga jukwaani usiku baada ya usiku; faini haikifundishi kidole pa kwenda. Mwenzako kwenye bendi akikosea, simamisheni wimbo, rudini kwenye kipande kile kile, mpunguze kasi hadi akipige safi mara tano mfululizo, ndipo mpandishe kidogo kidogo. Aliyefokewa hupiga kwa woga: mkono unakakamaa, anawahi, na bendi nzima inakimbia naye.

Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, naye alikiri katika kitabu chake cha 1989 kwamba aliwapiga wanawake. Tarumbeta aliyoirekodi mwaka 1959 bado inanigusa, wala siitumii kuyafunika aliyowatenda. Siku habari hizo zikikuzidi, zima. Hudaiwi na mtu.

Kwa msanii aliye hai na anayeendelea kuumiza watu, mimi huangalia pesa. Tiketi na fulana humfikia moja kwa moja, kwa hiyo sinunui. Santuri ya mitumba haimwingizii kitu.

Mama yako