Kabla ya Reagan kulikuwa na bahasha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nichangie makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu wahafidhina walivyopanda katika siasa za Marekani. Mwandishi wenu ana kalamu nzuri, ila simulizi lake linaanzia Novemba 1980, Ronald Reagan anapomwangusha Jimmy Carter, na sababu anazozitoa ni mbili tu: ulimi mtamu wa mwigizaji wa zamani wa Hollywood, na hasira ya makanisa juu ya utoaji mimba. Sababu ya kwanza inamkuza mtu mmoja kupita kiasi. Ya pili ina kasoro kubwa zaidi, nitaifikia.

Turudi 1964. Mwaka huo Barry Goldwater, seneta wa Arizona, aligombea urais kwa tiketi ya Republican na Lyndon Johnson akamgaragaza. Aliambulia majimbo sita: Arizona kwao, na matano ya Kusini kabisa, yaani Mississippi, Alabama, Louisiana, South Carolina na Georgia. Georgia ilikuwa haijawahi hata siku moja kumchagua mgombea urais wa Republican. Lakini Goldwater alikuwa ameipigia kura ya hapana Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka huohuo, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi, na wazungu wa Kusini, ambao walikuwa Democrat tangu enzi za babu zao, walimwelewa vizuri tu. Wachambuzi wengi walisema uhafidhina ndio umezikwa hivyo.

Hapo anaingia mtu ambaye makala yenu haikumtaja kabisa, Richard Viguerie, mchangishaji fedha wa wahafidhina. Sheria ya wakati ule ilitaka majina ya waliomchangia mgombea dola 50 au zaidi yapelekwe kwa karani wa Baraza la Wawakilishi, na mwananchi yeyote aliruhusiwa kwenda kuyasoma. Viguerie alikwenda, akaketi, akaanza kuyanakili kwa mkono. Kazi ilipomzidi akaajiri wanawake wamsaidie. Alimaliza akiwa na majina zaidi ya 12,000 ya watu ambao walishaonyesha, kwa hundi zao wenyewe, kwamba wako radhi kutoa pesa kwa siasa za namna ile.

Majina hayo aliyafanyia biashara, na biashara yenyewe ilikwenda hivi. Barua inaandikwa kwa lugha ya mtu anayekujua, inataja hatari moja, iwe Mfereji wa Panama unarudishwa kwa wenyewe au vyama vya wafanyakazi vinazidi nguvu, kisha inaomba dola 10 au 25. Anayejibu anaandikiwa tena. Asiyejibu anafutwa. Miaka ya 1970 orodha zilikuwa kwenye kanda za kompyuta na zilihesabika kwa mamilioni ya majina. Wakosoaji walimsema kwamba fedha nyingi zilimalizikia kwenye stempu na uchapaji. Ni kweli, ila hesabu hiyo inasahau kwamba barua ndiyo iliyokuwa gazeti la watu hao. Walihesabu kuwa magazeti na televisheni vimo mikononi mwa waliberali, nao wakavizunguka kwa kupitia posta. Mwaka 1973 Paul Weyrich, mwanaharakati wa kihafidhina, na wenzake, wakisaidiwa na fedha za Joseph Coors wa kiwanda cha bia, wakafungua Heritage Foundation, taasisi ya utafiti wa sera, ili wabunge wapate hoja zilizokwisha kuandikwa kabla ya kura kupigwa.

Halafu kuna kodi, ambayo mwandishi wenu ameipa sentensi moja. California, miaka ya 1970, bei za nyumba zilipaa, na kodi ya majengo ilipanda nazo kwa kuwa ilikokotolewa kwa thamani ya soko. Mstaafu ambaye hajaongeza hata choo alijikuta na madai ya kodi ambayo pensheni yake haiwezi. Serikali ya jimbo wakati huo ilikuwa imekalia akiba ya mabilioni ya dola. Howard Jarvis, mzee wa miaka 70 na kitu aliyekuwa akiwatetea wenye nyumba za kupangisha Los Angeles, alikusanya saini, na tarehe 6 Juni 1978 karibu theluthi mbili ya wapiga kura wakaipitisha hoja namba 13: kodi isizidi asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo isipandishwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Shule na maktaba ziliumia. Lakini wanasiasa wa nchi nzima walisikia ujumbe. Reagan mwenyewe, mtu wa kupunguza kodi, alipokuwa gavana huko alipandisha kodi mwaka 1967. Mwaka huohuo alitia saini sheria iliyolegeza masharti ya kutoa mimba.

Ndiyo, huyohuyo. Na Wabaptisti wa Kusini, mwaka 1971, walipitisha azimio la kutaka sheria iruhusu utoaji mimba katika mazingira fulani. Kilichowaamsha wachungaji wengi wa Kusini kilikuwa shule. Mahakama zilipolazimisha watoto weusi na weupe wasome pamoja, shule binafsi za wazungu, nyingi zikiwa za makanisa, zilichipuka kila kona. Mwaka 1971 mahakama ikaamua kwamba shule inayobagua haistahili msamaha wa kodi, na mwaka 1978, chini ya Carter, mamlaka ya kodi ilitangaza itazibana. Barua za kupinga zikamiminika. Weyrich alikiri baadaye kwamba ni hilo lililowakusanya. Mwaka uliofuata mchungaji Jerry Falwell akaunda Moral Majority, kundi la siasa la Wakristo wahafidhina. Sisemi kwamba suala la mimba lilikuwa geresha. Wengi waliliamini kwa dhati, na Wakatoliki walikuwa mbele zamani katika kuupinga utoaji mimba. Lakini halikuwa la kwanza.

Ndiyo maana 1980, mfumuko wa bei ukiwa umevuka asilimia 13 na mateka wa Kimarekani wangali Tehran, Iran, Reagan alikuta kila kitu kipo tayari. Makala inasema Wamarekani "wote" walimkubali. Alichukua majimbo 44, lakini kura za wananchi zilikuwa asilimia 51 hivi.

Na waliomchangia walidai chao. Nyumbani alihangaika kuwalipa: alijaribu kuzirudishia shule zinazobagua ule msamaha wa kodi, Mahakama ya Juu ikamkatalia mwaka 1983 kwa majaji 8 dhidi ya 1. Nje ya nchi malipo yalikuwa rahisi. Mwaka 1984, kwenye mkutano wa idadi ya watu Mexico City, serikali yake ilitangaza kwamba shirika la kigeni linalotoa huduma ya kutoa mimba au kuitetea halitapata fedha za Marekani za uzazi wa mpango, hata kama kazi hiyo linaifanya kwa fedha zake. Clinton aliifuta amri hiyo 1993. George W. Bush akairudisha 2001, na Chama cha Uzazi wa Mpango cha Kenya kilipokataa masharti kilinyimwa fedha, kikafunga baadhi ya zahanati zake. Kama mfululizo wenu unaendelea, mwandishi awatafute waliokuwa wakitibiwa kwenye zahanati hizo.

Msomaji wenu,
Morogoro